Intaneti Iliyoishia Koridoni: Namna ya Kufikisha Mawimbi Vyumba vya Uani



Somo la robo hii halikutoka kwenye semina. Limetokana na kosa letu wenyewe, ofisi ya miradi, na tumeona ni vema kulieleza wazi ili sharika zinazoanzisha vyumba vya kujisomea zisije zikalilipia mara ya pili.

Wanaoifahamu Mchikichini wanazijua nyumba zake za zamani: korido katikati, vyumba huku na huku, kisha ua wenye jiko, choo na safu ya vyumba vya nyuma. Kituo chetu kimo ndani ya nyumba ya namna hiyo. Ruta iliwekwa chumba cha mbele, kwa sababu ndipo waya wa intaneti ulipoingilia na ndipo ilipo meza ya katibu. Chumba cha kujisomea kikawa uani, kwa sababu ndiko kwenye utulivu. Kati ya vyumba hivyo viwili ni hatua 22 tu. Ripoti ya mradi ikaandikwa kwamba huduma ya intaneti imefika vyumba vyote. Mimi ndiye niliyetia sahihi, baada ya kupima kwa simu yangu nikiwa nimesimama kwenye mlango wa ua.

Miezi michache baadaye mama mmoja anayesoma chuo kwa njia ya masafa alitakiwa kutuma kazi yake ya mwisho kabla ya saa sita usiku. Kule uani alama ya waifai ilikuwa inaonekana, lakini hakuna kilichopita. Mlinzi alimkuta koridoni, mtoto mgongoni, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kazi ilipokelewa imechelewa, na somo lile ikambidi alirudie. Hakuja kulalamika kwetu. Habari tulizipata kwa mlinzi.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. "Mtandao uko chini" ni kauli moja yenye maana mbili. Kuna njia inayoleta intaneti hadi kwenye ruta, na kuna mawimbi yanayotoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa chako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu, nchi yetu na majirani tulipata shida kubwa ya intaneti. Siku ile hata ungeibeba ruta mapajani isingekusaidia. Kwa hiyo, kabla ya kutoa senti, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta na upime kasi. Ikiwa ni mbovu papo hapo, mwone anayekuuzia huduma. Ikiwa ni nzuri hapo na mbovu uani, basi tatizo ni lako na la kuta zako.

Waifai ni mawimbi ya redio. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 5 ni ya kasi zaidi lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta. Yale ya 2.4 ni ya polepole, ila hupenya vizuri zaidi. Simu huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba zenye alama ya kutoa, kwa kipimo kinachoandikwa dBm, na programu za bure za kupimia zipo. Karibu na hasi 60 ni pazuri. Ukifika hasi 80 utahangaika. Namba hizi zina hila. Kila zinaposhuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Zikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukuta mmoja unavumilika. Yetu ilikuwa mitatu, na mawimbi yalikuwa yakiikata kwa mshazari, jambo linaloongeza hasara.

Ukuta wa tofali za saruji ni mzito kwa mawimbi, na zege lenye nondo ni zito zaidi. Wenzetu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wanaijua shida hii kuliko sisi, na hata katika majengo ya kanisa yaliyoachwa na Wajerumani mambo ni hayo hayo. Maji nayo hula mawimbi. Sisi tulio jirani na bonde la Msimbazi kuta zetu hunyonya maji kila masika, na tenki la maji lililosimama kati ya ruta na dirisha ni kizuizi kamili. Mabati na friji huyarudisha mawimbi yalikotoka. Katika ua wetu, jiko lenye kuta za mabati lilikuwa limekaa katikati ya njia kama askari wa getini.

Sasa kosa la pili. Tulipoambiwa habari ya yule mama tulikimbilia Kariakoo tukanunua kifaa cha kurudia mawimbi, ambacho mafundi hukiita ripita, tukakichomeka kwenye soketi ya chumba cha kujisomea. Alama ya waifai ikajaa pomoni. Tukapongezana. Kasi haikubadilika. Ripita haizalishi intaneti. Inarudia kile inachokisikia, na pale tulipoiweka ilikuwa haisikii kitu. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi bado yana nguvu. Hata hapo, ripita ya kawaida hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua takriban nusu. Vifaa vinavyouzwa seti moja kwa jina la "mesh" ni bora zaidi, lakini navyo vikiongea kwa hewa tu vinafuata kanuni hiyohiyo: kila kimoja lazima kimsikie mwenzake vizuri.

Kilichotutatulia tatizo ni waya. Kebo ya mtandao hubeba mawasiliano hadi mita 100 bila kujali ukuta, na sisi tulihitaji mita 35. Ombeni ya shaba tupu. Zipo za aluminiamu iliyopakwa shaba, zinauzwa rahisi, lakini hukatika ovyo na hupoteza nguvu. Tuliipitisha ndani ya paipu ya plastiki chini ya paa la korido, kisha uani tukaifukia, mbali na waya wa umeme. Msiitundike hewani kutoka paa hadi paa: jua huiharibu, na radi ikipiga jirani hupita nayo hadi kwenye vifaa.

Mwisho wa kebo hatukununua kitu kipya. Tulichukua ruta ya zamani iliyokuwa kabatini. Atakayefanya hivyo azingatie mambo haya: kebo iingie kwenye tundu la LAN, si lile la WAN, ugawaji wa anwani, ulioandikwa DHCP kwenye mipangilio, uzimwe katika ruta hii ya pili, na anwani yake yenyewe ibadilishwe isifanane na ya ruta ya kwanza. Fanya mipangilio hiyo kabla ya kuunganisha kebo. Jina la waifai na neno la siri vinaweza kuwa vilevile vya mbele. Kwa masafa ya 2.4 chagueni chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na ruta mbili zisitumie moja. Kwa msongamano wa majirani tulio nao Ilala, jambo hilo si dogo.

Wasioweza kupitisha kebo waanze na yasiyo na gharama. Toeni ruta sakafuni na nyuma ya televisheni, iwekeni juu, karibu na mlango unaoelekea uani, na antena zisimame wima, maana mawimbi yake husambaa pembeni na si kwa kuelekea ncha. Wenye ruta za laini ya simu wana uhuru zaidi, lakini wakumbuke kwamba ruta hiyo nayo inahitaji kuusikia mnara. Kuna pia vifaa vya kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme. Hutegemea mno nyaya za nyumba, na kwa kuwa uani kwetu kuna LUKU yake, hatukuvijaribu.

Safari hii upimaji haukufanywa na mimi. Wanafunzi wenyewe walipima, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, milango imefungwa, saa mbili usiku wakati chumba kimejaa. Namba ilikuwa hasi 52. Tumewaandikia wafadhili kusahihisha ripoti ya kwanza, na yule mama amejiandikisha tena kwa somo lile. Ada ya kurudia imelipwa na mradi. Ripita bado ni nzima, imo kwenye daftari la mali. Usharika wenye korido ndefu na ukuta mmoja tu unaweza kuiomba kwa barua kupitia kwa mchungaji wake.