Mshale Ukishatoka: Maswali Kuhusu Uwindaji wa Upinde Pwani ya Rumonge

Ukishuka kusini kutoka Bujumbura kwa barabara ya lami inayofuata Ziwa Tanganyika, unapita Magara na Minago kabla ya kufika Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini. Kulia ni maji na mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mukeke. Kushoto ni michikichi, mihogo na migomba inayopanda mlima. Ni ukanda mwembamba na watu ni wengi. Wanyama wakubwa waliobaki wanaishi katikati ya watu hao: viboko na mamba majini, sokwe katika miombo ya Vyanda, nyani na kima katika msitu mdogo wa Kigwena. Kiboko akila shamba la mtu usiku mmoja, mazungumzo ya asubuhi hurudi kwenye silaha za mababu, mkuki na upinde. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara nyingi.

Je, sheria inaniruhusu kuwinda kwa upinde?

Ndani ya hifadhi, hapana. Amri ya Machi 1980 ndiyo iliyoanzisha mbuga za taifa na hifadhi za asili nchini Burundi. Sheria ya tarehe 30 Mei 2011 iliweka utaratibu wa kuzisimamia, na ile ya tarehe 10 Septemba 2011 inahusu biashara ya wanyama na mimea ya porini. Msimamizi ni OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira, iliyochukua nafasi ya INECN mwaka 2014. Aliyeua kwa mshale hana msamaha ambao aliyeua kwa bunduki hana. Tena Burundi haina vitalu vya uwindaji wa kitalii kama vya Tanzania. Mtu akikuambia amepewa ruhusa ya kumuua kiboko, mwombe akuonyeshe karatasi.

Lakini upinde hauna kelele wala baruti. Si silaha ya haki kuliko bunduki?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Aliyewatia hofu tembo wa nchi hizi za maziwa hakuwa mkulima mwenye upinde. Katika karne ya 19 biashara ya pembe iliendeshwa kutoka Ujiji na watu kama Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, na bunduki zikasafiri pamoja na bidhaa zao. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1980, Burundi haikuwa na kundi la tembo la kuhesabika, na bado ilikuwa mlango mkubwa wa pembe zilizotolewa nchi nyingine, hadi ilipojiunga na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1988. Anayesema mababu hawakumaliza wanyama kwa mishale ana hoja.

Tatizo ni namna mshale unavyoua. Risasi kubwa huvunja mfupa na kumwangusha mnyama kwa kishindo chake. Mshale hukata tu; mnyama hufa kwa kupungukiwa na damu. Ukipita kwenye mapafu yote mawili, haendi mbali. Ukiingia begani, tumboni au pajani, anaondoka nao. Ndiyo maana mpiga upinde hodari hunyemelea hadi hatua ishirini au thelathini, husubiri mnyama ageuze ubavu, na akiona nafasi si nzuri hurudi nyumbani mikono mitupu. Akishapiga, anabanwa na wajibu wa pili, mzito kuliko wa kwanza: kufuata damu na nyayo mpaka ampate mnyama, hata kama ni siku nzima.

Wajibu huo unahitaji ardhi. Unahitaji pori lisilo na mtu, ambamo mnyama aliyejeruhiwa hakutani na mwingine yeyote ila mwindaji wake. Pwani ya Rumonge haina pori la namna hiyo. Nyayo zitapita shamba la jirani, zitavuka barabara, zitaingia ziwani. Mpigaji atasimama ufukweni, na jeraha alilolifanya litaendelea bila yeye. Hapo ndipo ninapoona maadili ya uwindaji huu yanapovunjika hapa kwetu, hata kabla ya kuifungua sheria.

Wala si suala la ufundi duni. Julai 2015, karibu na Mbuga ya Hwange nchini Zimbabwe, mtalii Mmarekani alimpiga mshale simba aliyeitwa Cecil. Alikuwa na upinde wa kisasa wa bei kubwa na mwongozaji wa kazi hiyo. Simba hakufa, aliondoka na jeraha na akaja kumalizwa saa nyingi baadaye. Namibia, ambayo imeruhusu uwindaji wa upinde tangu 1997, haikubali utumike kwa tembo, kifaru, nyati, simba wala kiboko.

Kiboko ana nini cha pekee?

Mkubwa wake huzidi kilo 1,500, na ngozi ya mgongo na ubavu ina unene wa sentimita kadhaa. Chini yake kuna nyama nene, kisha mbavu. Mshale wa kawaida unaweza kukaa humo kwa wiki nyingi bila kumuua, ukioza pamoja na kidonda. Hata akipigwa vema, hukimbilia majini, na akifa huzama. Mzoga huelea baada ya saa kadhaa, mahali pengine kabisa.

Fikiria sasa nani atakutana na kiboko huyo mwenye maumivu. Si mpigaji, ambaye anajua na atajihadhari. Ni mvuvi anayetoka na taa jioni, mwanamke anayefua, mtoto aliyetumwa maji. Kumjeruhi kiboko na kunyamaza ni kuwawekea watu hao mtego.

Kuna pia hesabu ya uzazi. Jike hubeba mimba kwa miezi minane hivi na huzaa ndama mmoja. Kundi dogo la ziwani likipoteza majike wachache halijazi pengo upesi. Shirika la uhifadhi la IUCN limemweka kiboko kati ya viumbe walio hatarini tangu 2006.

Mababu walitumia sumu. Sumu haimalizi mateso haraka?

Waata wa nyika ya Tsavo, Kenya, waliwinda tembo kwa pinde ngumu sana, ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya kuinua kilo 45 na zaidi. Mshale ulipakwa sumu ya msunguti, mti ambao wataalamu wanauita Acokanthera, na sumu hiyo hushika moyo. Ikiwa mbichi na mshale umeingia vizuri, tembo hakwenda mbali. Ilikuwa elimu ya kizazi hadi kizazi, na ninaiheshimu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, nao wana sumu zao za mimea.

Lakini sumu iliyokauka au iliyozeeka huacha mnyama akiteseka badala ya kufa. Na mshale huo hauchagui: mtu akikwaruzwa nao shambani anaweza kufa kabla hajafikishwa zahanati. Katika ukanda uliojaa watoto, mbuzi na mbwa, mshale wenye sumu hauna mahali salama pa kuwekwa. Usiuguse.

Je, hii si kuwanyima Batwa urithi wao?

Hapa sitaki kujibu kwa wepesi. Batwa, takriban asilimia moja ya Warundi, walikuwa wawindaji na wafinyanzi. Maeneo yalipofanywa hifadhi, walioishi kwa msitu walipoteza chakula, dawa na mahali pa kufundishia watoto wao. Baada ya Makubaliano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000, katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu katika bunge na vitatu katika Seneti. Hata hivyo, familia nyingi bado hazina shamba la kutosha. Kumkamata Mtwa mwenye upinde na kumwacha mnunuzi wa nyama mwenye pikipiki aende zake ni dhuluma.

Mifano ya jirani inaonyesha kwamba haki ya ardhi hutangulia. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Upinde wao una mahali pake kwa sababu pori lao lipo. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa katika msitu wa Mau. Kwa upande mwingine, huko Tsavo, msako wa majangili wa 1956 na 1957 uliwapeleka Waata wengi jela, na mpango wa Galana ulioanzishwa baadaye ili kuwapa uwindaji halali haukudumu. Ujuzi wa kusoma nyayo ulibaki bila kazi. Batwa wenye ujuzi huo pembezoni mwa Vyanda na Kigwena wangefaa kuajiriwa kama walinzi na waongozaji, kwa mshahara, si kwa hisani.

Na mamba?

Mamba aliyepewa jina la Gustave na Mfaransa Patrice Faye alitajwa kuonekana kutoka mdomo wa mto Rusizi hadi Rumonge. Filamu iliyotoka 2004 ilionyesha jaribio la kumnasa kwa tundu la chuma. Halikufaulu, na alama zilizokuwa mwilini mwake zilihusishwa na risasi. Mshale juu ya magamba ya mamba mkubwa ni kumchokoza tu.

Nimeletewa nyama ya kiboko. Niile?

Usile, usiinunue, usiipeleke sokoni. Mbali na sheria, kuna ugonjwa wa kimeta. Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta katika Mbuga ya Virunga, Kongo, kandokando ya mto Ishasha. Mwaka 2011, katika bonde la Luangwa nchini Zambia, mamia ya watu waliugua baada ya kuchuna na kula viboko waliokufa kwa ugonjwa huo. Kiboko aliyekutwa amekufa, hata mwenye mshale ubavuni, anaweza kuwa alikuwa mgonjwa kabla. Aliyeshika nyama ya namna hiyo kisha akaota kidonda chenye kigaga cheusi kisichouma aende hospitali mara moja, aseme alichogusa. Kimeta hutibika kikiwahiwa.

Basi shamba langu nilifanyeje?

Kiboko haruki. Mtaro wenye kingo zilizosimama, ukuta mfupi wa mawe au uzio imara wa magogo humgeuza njia. Huhitaji kuzungushia kilima kizima. Ziba pale anapotokea majini, kwani hupenda kurudia njia ile ile. Usilime wala kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, umbali uliowekwa na sheria ya maji ya 2012. Mafuriko ya miaka ya karibuni yalileta maji hadi milangoni mwa watu, na wanyama wakafuata maji. Usiku tumieni taa na kelele kutoka mbali, mkiwa wengi, na msisimame kati ya kiboko na ziwa.

Uharibifu ukitokea, piga picha, andika tarehe, na mpelekee taarifa mkuu wa kolini (kilima chenu) na OBPE. Malalamiko ya familia kumi yaliyoandikwa pamoja husikika kuliko ya mmoja.

Na ukimwona kiboko mwenye mshale au kidonda, usifiche kwa kumwonea haya jirani yako. Waambie kwanza wavuvi na wanaoteka maji, kisha mkuu wa kolini na OBPE, siku hiyo hiyo.