Ufa katika Bomba la Chuma

Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la malazi Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Kati ya watu 212, walikufa 123. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la mhimili, lenye unene wa milimeta 26, lilikatika kwanza. Ufa ulianzia kwenye lehemu ya kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Ndani yake ilikutwa rangi: ulikuwapo tangu kiwandani.

Mbona basi jukwaa lilidumu karibu miaka minne? Tutazame ncha ya ufa. Nguvu ipitayo katika chuma haiwezi kuvuka pengo. Hulizunguka, ikasongamana nchani. Ukali wa msongamano huo, K, huongezeka sawia na mkazo na kipeuo cha pili cha urefu wa ufa.

Tuseme ufa umekua kutoka milimeta 2 hadi 8, mkazo na umbo vikibaki vilevile. Urefu umekuwa mara 4, K mara 2 tu. Lakini, kwa chuma, hatua ambayo ufa hupiga kwa kila wimbi hufuata takriban kipeo cha tatu cha badiliko la K. Hatua sasa ni mara 8! K ikifikia kikomo cha ustahimilivu wa chuma chenyewe, bomba hukatika ghafla.

Hivyo mkaguzi haishii kuuliza kama ufa upo, kwani lehemu ni nadra kukosa dosari. Huupima, hukadiria mawimbi yaliyosalia, kisha hupanga ukaguzi unaofuata kabla hayajatimia.