Goti Jipya na Hofu ya Nusu Kaputi



Mwezi huu somo letu si la mbegu wala la dipu. Ni somo la goti lako. Shamba la skimu hulimwa kwa jembe au kwa trekta, lakini mwenye shamba husimama juu ya magoti mawili. Magoti hayo yakichakaa, hata ng'ombe wa maziwa hukosa mtu wa kumkamua.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na nilisomea ualimu, si daktari. Lakini kila wiki naona wazee na akina mama wakija mezani kwangu na mkongojo. Wengi wamekwisha kuambiwa na daktari kwamba goti au nyonga yafaa kubadilishwa. Nikiwauliza mbona hawajaenda, wengine husema ni fedha, na hilo ni kweli. Lakini wengine hushusha sauti na kusema neno lile lile alilosema mama yangu mzazi: "Kisu sikiogopi, mwanangu. Naogopa usingizi ule. Nisipoamka je?"

Kwa sababu ya neno hilo mama alikaa na maumivu miaka mitatu. Basi nimeandika somo hili, nalo lina jambo moja kubwa: taabu nyingi zinazoletwa na dawa ya usingizi zajulikana, zina matibabu, na hupita. Linalozidisha hatari ni lile ambalo mgonjwa amelificha.

GOTI JIPYA NI NINI?

Mwisho wa kila mfupa wa goti umefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye kuteleza, ambacho kazi yake ni kama ya beringi katika gurudumu. Gegedu ikisagika, mfupa husugua mfupa, nawe huwezi kulala usiku. Daktari wa mifupa huondoa sehemu iliyoharibika, akaweka vipande vya chuma, na katikati plastiki ngumu.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1962, mwaka ule ule ulipoanza mpango wa Ekari Milioni hapa Kenya, daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza kutumia nyonga ya chuma na plastiki ngumu iliyokuwa mfano kwa waliomfuata. Magoti nayo yakafuata. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika kila magoti 100 yaliyobadilishwa, 82 hivi yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

NJIA MBILI ZA KUZUIA UCHUNGU

Watu wengi hudhani kwamba kila anayepasuliwa hutiwa katika usingizi mzito. Sivyo.

Njia ya kwanza ni sindano ya mgongoni. Pengine umewahi kumwona daktari wa mifugo akimsaidia ng'ombe aliyetokwa na kizazi baada ya kuzaa. Kabla ya kukirudisha ndani, humdunga ng'ombe sindano penye shina la mkia. Ng'ombe husimama macho wazi, pengine anacheua, lakini huko nyuma hasikii uchungu. Sindano ya mgongoni kwa mwanadamu ni ndugu ya sindano hiyo. Utaketi umekunja mgongo, utadungwa sehemu ya chini, na miguu itapata joto, kisha uzito, kisha ganzi. Pazia huwekwa ili usione kazi. Waweza kusikia mlio wa nyundo na msumeno; usishtuke. Ukiona hutaweza kuvumilia sauti hizo, sema mapema upewe dawa ya kusinzia.

Njia ya pili ndiyo nusu kaputi yenyewe. Dawa hupitishwa katika mshipa wa mkono au kwa hewa unayovuta, nawe hulala usijue kitu. Mara nyingi mpira hupitishwa kooni ili upumue vizuri. Mtaalamu wa usingizi hakuachi peke yako. Kifaa cha kidoleni humwonyesha kama damu ina oksijeni ya kutosha, kingine humwonyesha mapigo ya moyo, na kingine hupima presha mkononi.

Je, mtu aweza kuamka katikati? Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulipata taarifa ya mtu 1 kwa kila watu 19,000 hivi waliopewa nusu kaputi. Je, aweza kutoamka? Sitakudanganya: hatari ipo, na huzidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au wa figo. Lakini kwa mtu aliyepimwa vizuri ni nadra. Ndiyo maana hupimwa kwanza, na ndiyo maana huulizwa maswali mengi.

TABU ZINAZOWEZA KUFUATA

Zijue mapema, ili zikija usidhani unakufa.

1. Kichefuchefu na kutapika. Katika watu 10 wanaopewa nusu kaputi bila dawa ya kuzuia, 3 hivi hupatwa na hali hiyo. Dawa ya kuzuia ipo. Ikiwa ulitapika sana zamani, au safarini gari hukutapisha, sema kabla.

2. Kutetemeka kwa baridi. Huja sana baada ya dawa zote mbili. Utafunikwa blanketi, na kutapita.

3. Koo kuwasha au sauti kukwaruza. Husababishwa na mpira wa kooni, na kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili.

4. Mwili kuwasha. Baadhi ya dawa kali za uchungu hufanya hivyo. Mwite mwuguzi, usijikune mpaka ngozi ichubuke.

5. Kushindwa kukojoa kwa saa kadhaa baada ya sindano ya mgongoni. Usione haya kusema. Kibofu kikijaa kupita kiasi huleta madhara.

6. Kuumwa kichwa baada ya sindano ya mgongoni. Kichwa hiki huuma ukiketi na hupungua ukilala. August Bier, daktari wa Ujerumani aliyeanzisha njia hii mwaka 1898, alikipata mwenyewe alipokubali kudungwa kwa kujaribu. Sindano za siku hizi ni nyembamba zaidi, kwa hiyo hutokea kwa wachache. Mara nyingi huisha katika muda wa wiki moja, lakini mwambie daktari, kwa maana kina matibabu.

7. Choo kuwa kigumu. Hiki ni kisa cha dawa za uchungu. Kunywa maji, kula matunda na mboga, na uombe dawa ya kulainisha.

8. Akili kuchanganyika kwa siku chache. Hili huwapata wazee zaidi, nalo huwatisha watu wa nyumbani kuliko mgonjwa mwenyewe. Usiku wa pili baada ya kupasuliwa, mama yangu aliniamuru niwafukuze ndama waliokuwa wameingia wodini. Hapakuwa na ndama. Kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa mapema, sikukimbia huku na huku wala sikubishana naye. Nilimwita mwuguzi aje kumpima, nikamvika mama miwani yake, nikashika mkono wake, nikamweleza habari za nyumbani: nani amekamua, na mvua imenyesha kiasi gani. Siku ya tatu akili yake ilikuwa safi. Basi mzee wako akilazwa, mpelekee miwani yake na kifaa chake cha masikio kama anacho, na mtu wa nyumbani akae naye kwa saa zilizoruhusiwa.

USIFICHE KITU

Wahenga walisema: Mficha maradhi kilio humuumbua. Mtaalamu wa usingizi si polisi wala si mzee wa kanisa. Hatakuhukumu. Ataka kujua kiasi cha dawa na njia ya kukupa. Mwambie haya yote:

Dawa unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Miti mingine hufanya damu isigande upesi. Dawa za presha na za kisukari usiziache kwa akili yako. Uliza ipi imezwe asubuhi ile na ipi isimezwe.

Pombe, sigara, ugoro na miraa. Sema kiasi cha kweli, hata kama mke au mume amesimama karibu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akanyimwa ghafla aweza kuugua vibaya wodini, lakini daktari akijua atajitayarisha.

Meno yanayolegea au meno ya bandia, maana mpira hupita hapo.

Ndugu wa damu aliyepata mabaya kwa dawa ya usingizi. Yako magonjwa machache ya ukoo yanayochukiana na baadhi ya dawa hizo, na zipo dawa nyingine za kutumia badala yake.

Kidonda chochote, jino bovu, funza au ngozi iliyopasuka kati ya vidole vya miguu. Vijidudu vya hapo vyaweza kufika katika goti jipya.

Na la mwisho, chakula ulichokula. Kwa kawaida chakula huachwa kwa muda wa saa 6 au zaidi kabla ya dawa, na maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Lakini fuata amri ya hospitali yako. Sababu ni hii: ukilala na tumbo lililojaa, chakula chaweza kurudi kooni kikaingia mapafuni, na hapo maisha yamo hatarini. Chai ya maziwa ni chakula, si maji.

Hapo ndipo mama yangu alipojikwaa. Alfajiri ya siku yake, mgonjwa wa kitanda cha jirani alimmiminia kikombe cha chai kutoka katika chupa, naye kwa adabu akanywa. Alipoulizwa na sista alisema hajaonja kitu, kwa kuogopa kurudishwa nyumbani baada ya kusubiri sana. Kitanda cha magurudumu kilipokuja kumchukua, moyo wake ulimsuta. Akasema, "Sista, nimekosa. Nilikunywa chai." Kazi ikaahirishwa mpaka kesho yake. Mama alilia kwa haya. Lakini mtaalamu wa usingizi alikuja kitandani, akamshukuru, akamwambia kwamba neno lile lilikuwa na faida kuliko dawa yoyote aliyokuwa nayo. Kesho yake alidungwa sindano ya mgongoni, na kazi ikaisha salama.

SAA 24 ZA KWANZA

Baada ya dawa ya usingizi waweza kujiona mzima, kumbe akili bado ni nzito. Kwa muda wa saa 24 usitie sahihi karatasi yoyote, iwe ya shamba, ya mkopo au ya chama cha ushirika. Usiuze ng'ombe kwa simu. Usinywe pombe. Kama aliyepewa dawa ni kijana aliyerudishwa nyumbani siku hiyo hiyo kwa kazi ndogo, asiendeshe trekta wala pikipiki, wala asiguse mashine ya kukata majani ya ng'ombe.

TAYARISHA NYUMBA KABLA

Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mtu mwenye goti au nyonga mpya. Mwambie fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kirefu kiasi cha kiti cha kawaida. Kigoda cha kukamulia nacho kiwekwe kando. Aliyebadilishwa nyonga mara nyingi hukatazwa kukaa chini sana katika majuma ya kwanza. Panga mapema nani atakamua na nani atapeleka maziwa. Kuhusu fedha, tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF. Uliza hospitalini, kabla ya kupangiwa siku, SHA italipa kiasi gani na wewe utatoa kiasi gani.

Ukitoka hospitali, fanya mazoezi uliyofundishwa, na tembea kidogo kidogo kila siku. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Rudi hospitali bila kungoja ukiona moja ya mambo haya: shavu la mguu limevimba na kuuma, kifua chauma au pumzi yapungua, kidonda kimekuwa chekundu na chatoa usaha, una homa, kichwa chauma sana usiweze kuketi, au miguu ina ganzi isiyokwisha.

Mama sasa ana mwaka na nusu na goti lake. Kukamua amemwachia mjukuu, lakini yeye huketi karibu juu ya kiti kirefu na kuhesabu lita, tena huenda kwa miguu mpaka mahali pa kukusanyia maziwa. Husema kwamba majuto yake si kisu wala usingizi, bali ile miaka mitatu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma maswali haya na watu wa nyumbani mwako jioni, mjibu pamoja.

1. Kwa nini chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula?
2. Taja njia mbili za kuzuia uchungu wakati wa kupasuliwa.
3. Mzee akisema maneno yasiyoeleweka usiku wa pili, wewe utafanya nini?
4. Andika mambo matano ambayo ungemwambia mtaalamu wa usingizi kuhusu mwili wako. Je, lipo moja ambalo ungependa kulificha? Hilo ndilo uliandike la kwanza.