Vane yenye shingo ndefu, na vidole vyako

Ndugu mfanyakazi, pale masini inapotenga hewa ili kupata oksijene na azote, utaona vane isiyofanana na ile ya tiyo ya maji. Tumbo lake ni la mviringo, shingo ni ndefu sana, na gurudumu liko juu kabisa. Wengine wanacheka, wanasema fundi alipoteza chuma bure. Hakupoteza.

Oksijene iliyogeuzwa kuwa maji-maji ina baridi ya degre 183 chini ya zero; azote ni degre 196. Ndani ya tumbo kuna kisahani kinachokaa juu ya kiti chake. Ukizungusha gurudumu, kisahani kinapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo vane hii inafaa kupima kiasi kinachopita. Huko juu kuna kamba zinazozuia kuvuja. Zikigandishwa zinakuwa ngumu, na gurudumu linakataa. Ndiyo sababu ya shingo ndefu: gesi inakaa ndani yake kama blanketi, na baridi haifiki juu. Lakini shingo isimame wima, au iinamе kidogo tu. Ikilala, maji-maji yanaingia mpaka kwenye kamba.

Barafu tumboni si ajabu. Ukiiona imepanda mpaka kwenye gurudumu, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Usipige nyundo, usilazimishe na bomba refu. Umwite shefu wa ekipi. Usitie grese wala mafuta kamwe: pamoja na oksijene vinaweza kuwaka bila kiberiti. Tena usifunge vane mbili zinazofuatana kama hakuna supape ya usalama katikati. Maji-maji yaliyonaswa yanapata joto, na litri 1 ya oksijene inataka kuwa litri zaidi ya 800 za gesi. Tiyo inapasuka.

Azote haina harufu. Ikivuja katika shimo, usiingie kumfuata mwenzako bila chombo cha kupumulia, hata akiwa ndugu yako.

Sasa mambo ya lopitalo. Baridi hii inachoma kama moto. Kwanza ngozi inakuwa nyeupe na ngumu kama nta, wala haiumi sana, na mtu anasema si kitu. Maumivu yanakuja inapoyeyuka. Hapo ndipo watu wanaharibu: wanasugua mkono, wanaupaka mafuta ya mawese, wanauweka juu ya mbabula. Ngozi yenye ganzi haisikii moto; utaichoma mara ya pili. Toa pete, tia mkono katika maji ya vuguvugu, degre 40 hivi, yale ambayo mama anamwogeshea mtoto. Nguo ikigandamana na ngozi, usivute. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uende lopitalo saa ile ile. Usivute sigareti, inabana mishipa ya damu.

Aliyesimama ndani ya wingu la oksijene, nguo zake zimeinywa. Akae penye hewa nzuri, mbali na moto, nusu saa nzima.

Na wewe mama, magan yake ya ngozi yakikauka, usiyapake mafuta ili yalainike. Yawe mapana, ayakung'ute upesi yakiingiwa na maji-maji. Suruali nayo ikae nje ya buti, si ndani.