SOMO LA AFYA: UTANDO NDANI YA JICHO



Katika tawi letu yuko dada mmoja, mshonaji wa magunia, aliyeanza kuona mshono umepinda hali umenyooka. Msimamizi akamwita mzembe. Alipata barua mbili za onyo kabla ya kupelekwa kwa daktari wa macho. Kumbe alikuwa na utando ndani ya jicho. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini nilimsindikiza hospitali mara tano, na daktari hakuchoka na maswali yangu.

Nyuma ya jicho pana ngozi laini iitwayo retina, inayopokea mwanga kama filamu ya kamera. Katikati yake ni makula, sehemu ndogo tunayoitumia kusoma na kutunga uzi. Unene wake ni kama robo ya milimita, na ndani ya robo hiyo zimo tabaka tabaka. Mtu akipita miaka 50, ute unaojaza jicho hujitenga na retina, na pengine juu ya makula huota utando kama kovu. Utando ukijikaza huivuta retina, nayo hukunjamana kama shuka. Ndipo mstari ulionyooka huonekana umepinda. Kisukari, retina iliyochanika au jicho lililoumia huweza pia kuuleta.

Matone hayauondoi, wala miwani hainyooshi mstari. Ukiwa mdogo, daktari huuangalia tu. Ukizidi, mpasuaji hutoboa vitundu kwenye weupe wa jicho, hutoa ute, kisha huubandua utando kwa kibano chembamba mno. Njia hiyo ya kuutoa ute ilianzishwa na Robert Machemer huko Marekani mwaka 1970.

Sasa tuje kwenye picha. Mashine yake huitwa OCT, nayo ilielezwa mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao, Marekani. Si eksrei. Unaweka kidevu, mashine inapeleka mwanga jichoni na kupima unavyorudi kutoka kila tabaka. Hakuna maumivu. Picha hutoka kama mkate uliokatwa kwa kisu, na utando ni mstari mweupe juu kabisa.

Nilidhani kubwa ni unene wa utando. Daktari akanionyesha chini zaidi, mstari mwembamba wa chembe zinazopokea mwanga. Ukiwa mzima, matumaini ni mazuri. Ukiwa umekatika, huenda macho yasirudi sana hata utando ukibanduliwa vizuri. Vilevile katikati ya makula panatakiwa kishimo; tabaka za juu zikivutwa hadi kukifukia, kupona huwa kugumu zaidi. Basi hesabuni wenyewe ile miezi iliyopotea kwa barua za onyo!

Baada ya upasuaji nuru hurudi polepole, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Mara nyingi kupinda hupungua bila kwisha. Wengi hupata pia mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji mwingine. Dada yetu mwezi wa nne alisoma tena gazeti, lakini mshono bado una wimbi dogo. Mwajiri alimtaka kwenye cherehani baada ya wiki mbili. Tulikwenda na picha mbili, ya kabla na ya baada, tukaziweka mezani. Wakakubali ahesabu magunia mpaka daktari atakapopiga picha nyingine. Kwa hiyo kila ukipimwa, omba nakala.

Nyumbani jipime hivi: funika jicho moja, tazama fremu ya dirisha, kisha badilisha. Ukitazama kwa yote mawili, jicho zima huficha ubovu wa jingine.

Na kipande cha chuma au mti kikikuingia jichoni, andikisha ajali siku ileile, maana utando unaweza kuja miezi baadaye. Juzi nilikifungua kitabu cha ajali cha kiwanda chetu. Kwa mwaka mzima hakuna jicho hata moja lililoandikwa, na mimi mwenyewe nimewapeleka zahanati watu watatu.