Jino Husafirije Ndani ya Mfupa?

Weka kidole kwenye jino lako la mbele, ulisukume taratibu. Utahisi limesimama imara kama nguzo. Inakuwaje basi waya mwembamba wa daktari wa meno ulihamishe jino hilo mpaka mahali pengine, bila kulivunja wala kuvunja taya? Mzazi anayefikiria kumpeleka mwanawe kunyooshwa meno anastahili kulijua jibu, maana ndilo linaloeleza kwa nini kazi hiyo huchukua muda mrefu.

Tuanzie kwenye mzizi. Jino halikugandishwa kwenye taya. Kati ya mzizi na mfupa upo mwanya wa takribani robo ya milimita, uliojaa nyuzi imara zilizoshika pande zote mbili. Kumbuka kitanda cha kamba: anayelala hagusi mbao, kamba ndizo zinazombeba. Jino nalo limebebwa hivyo ndani ya tundu lake. Ndiyo maana unatafuna mahindi ya kuchoma bila mzizi kugonga mfupa. Ndani ya mwanya huo mna mishipa ya damu, pamoja na ya fahamu inayokushtua mara moja ukiuma kijiwe kwenye wali.

Sasa tuutazame mfupa wenyewe. Tumezoea kuuona ukiwa mkavu, tukadhani ni kama jiwe. Mfupa wa mtu aliye hai hubomolewa na kujengwa upya maisha yake yote. Seli ziitwazo osteoklasti huumeng'enya, na nyingine ziitwazo osteoblasti hujenga mpya.

Tuunganishe mambo hayo mawili. Waya unapolisukuma jino kuelekea kulia, nyuzi za kulia hubanwa na za kushoto huvutika. Baada ya siku chache, osteoklasti hukusanyika upande uliobanwa na kuula mfupa, huku osteoblasti zikijaza upande uliovutika. Kwa hiyo jino halipasui mfupa. Tundu lenyewe ndilo linalohama, jino likiwa ndani yake. Carl Sandstedt wa Sweden aliyaona mabadiliko hayo kwa hadubini alipochunguza mataya ya mbwa, na akayachapisha mwaka 1904.

Je, tukikaza waya mara mbili, jino litakwenda mara mbili? Haliendi. Nguvu ikizidi, mishipa ya damu hubanwa mpaka damu isipite. Tishu ya mahali hapo hufa, na pasipo damu seli za kumeng'enya mfupa hazifiki. Jino hukwama mpaka mwili uondoe kilichokufa, na mzizi wenyewe unaweza kulika. Nguvu ndogo isiyokatika ndiyo ifanyayo kazi, na kwa kawaida jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi. Meno yaliyopandana sana huweza kuhitaji mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi. Muda huo ndio mwendo wa mfupa, si uvivu wa daktari.

Meno pia huhama bila waya wowote. Meno 20 ya utoto humtafunia mtoto na kuwashikia nafasi warithi wao. Gego la utoto likioza na kung'olewa mapema, la nyuma yake husogea mbele na kuziba pengo, na jino la kudumu lililokuwa njiani hukosa pa kutokea. Kwa hiyo kusema "ya nini kulitibu, si litang'oka tu" huweza kuwa mwanzo wa meno kupandana. Angalia pia gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto akifikia kama miaka 6. Huja nyuma ya meno ya utoto bila kung'oa lolote, hivyo wazazi wengi hulidhani la utoto na kulipuuza. Chama cha wataalamu wa kunyoosha meno cha Marekani kinashauri mtoto akaguliwe kabla ya kuvuka miaka 7.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kweli taya linalokua ni rahisi zaidi kuongozwa. Lakini mfupa wa mtu mzima nao u hai. Mradi fizi zake ni nzima, meno yake yanaweza kunyooshwa.

Waya ukitolewa, kazi haijaisha. Mfupa mpya bado haujakomaa, na nyuzi za ufizi hulivuta jino lirudi lilikotoka. Ndiyo sababu daktari hutoa kifaa cha kuyashikilia meno, nacho kikiachwa kabatini, safari ya miaka miwili huweza kupotea.

Mzazi, usimhimize daktari akaze waya. Mhimize mwanao apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, asugue pia kandokando ya waya unakojificha ukoga, na asikose siku yake ya kliniki. Mfupa utafanya yaliyobaki, kwa mwendo wake.