Maswali ya watumiaji tuyajibie wapi?

Swali: Tumetengeneza programu huria ya hesabu za vikundi vya kuweka akiba. Kila wiki watumiaji wanatuuliza maswali yale yale kwenye WhatsApp. Tutumie nini?

Jibu: WhatsApp inafaa kwa dharura, lakini jibu la jana huzama chini ya salamu za leo, na Google haiwezi kulipata. Kama msimbo wenu uko GitHub, anzeni na Discussions, sehemu yake ya majadiliano: ni bure, na jibu lililosaidia huwekewa alama. Kama watumiaji wenu si wataalamu wa kompyuta, chagueni jukwaa la majadiliano la Discourse. Ni programu huria, ila mkiiendesha wenyewe itahitaji seva na mtu wa kuitunza. Tovuti ya Stack Overflow, iliyoanza 2008, ni ya maswali ya uprogramu, si ya jinsi ya kutumia programu yenu. Popote mtakapohamia, pangianeni zamu za kujibu. Swali lisilojibiwa humfukuza mgeni.